Besi ya pikapu: kutibu milango, sabufa ya chini ya kiti au boksi nyuma ya kiti?

Gari likiwa limepaki nyumbani, redio iliyokuja nalo kutoka kiwandani inaridhisha. Ukishaipita Chalinze, mwendo umefika 90, madirisha yamefungwa, gitaa la besi halipo tena. Kinachobaki ni sauti ya mwimbaji na matoazi. Unaongeza sauti, spika zinaanza kukwaruza. Unapandisha besi kwenye mipangilio ya redio, zinakwaruza zaidi.

Sababu ni kwamba ngurumo ya matairi na injini ya dizeli ni sauti nzito, nayo inakaa palepale besi inapokaa na kuifunika. Pikapu lina tabu kuliko saluni: bati la milango ni kubwa na jepesi, hakuna buti la kuweka boksi, na tairi la akiba limening'inia chini ya bodi huko nje. Kwa hiyo sabufa (spika za besi pekee) zile zinazolala ndani ya rimu ya tairi la akiba, kama JBL BassPro Hub, huku hazina mahali.

Zimebaki njia 3 ambazo wenye pikapu hukwama kati yake, na zote zinaiacha redio ya kiwandani mahali pake. Nitatumia Toyota Hilux kama mfano kwa kuwa ndiyo ninayoendesha, lakini mwenye Ranger, D-Max au Navara atapima kwa namna hiihii.

## Kwanza pima ulichonacho

Jaribio hili halina gharama, na limewahi kumwokolea mtu fedha ya sabufa mbele ya macho yangu. Weka wimbo wenye besi ya kutulia, rumba ni nzuri kwa kazi hii. Peleka balansi (mpangilio wa redio unaogawa sauti kushoto na kulia) yote mlango wa kushoto, sikiliza, kisha irudishe katikati. Milango miwili ikicheza pamoja, besi inapaswa kuongezeka. Ikiwa inapungua, spika moja imeungwa kinyume, chanya kwenye hasi: moja ikisukuma hewa, ya pili inaivuta, na besi inafutika katikati ya kebini. Hutokea sana kwenye magari ambayo spika zake zimewahi kubadilishwa. Kugeuza nyaya mbili ni kazi ya dakika 20.

Halafu elewa nguvu ya redio yako. Redio nyingi za gari zimeandikwa 50W x 4. Hicho ni kilele cha kinadharia kwa volti 14.4 na spika ya omu 4. Nguvu safi, isiyopasua sauti, ni kama wati 20 kwa kila spika. Ukipandisha besi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), unaidai redio nguvu mara 4 kwenye sauti hizo nzito. Wimbo uliokuwa unatumia wati 5 sasa unataka 20, na hapo redio imefika mwisho. Mkwaruzo unaousikia ni wa redio iliyoishiwa, mara nyingi spika zenyewe ni nzima.

## Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni besi yenyewe, nayo ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna kishindo, lile pigo la ngoma inayopigwa kwa mguu linalokugusa kifuani, kati ya hezi 60 na 100 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde, namba ikishuka sauti ni nzito zaidi). Na kuna kina: waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na gitaa la nyaya 5 hushuka hadi 31. Kushuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa sauti ileile kunaitaka spika isukume hewa mara 4. Kwa hiyo ukubwa wa koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, na safari yake ya kwenda na kurudi havina njia ya mkato.

Vingine ni nafasi ndani ya kebini, umeme ambao njia husika inaudai, gharama na kazi pamoja na urahisi wa kulirudisha gari lilivyokuwa, na mwisho anayefaidika. Bei sitazitaja kwa shilingi maana zinabadilika kila mzigo unapoingia. Nitasema tu ipi iko juu ya ipi.

## Njia ya kwanza: kutibu milango na kubadili spika za mbele

Nilianza na njia hii nikaifanya nusu, na nusu hiyo iliniumiza. Nilinunua spika mpya, boksi limeandikwa wati 400. Zilipofungwa, sauti za juu zilikuwa safi sana, ila besi ilikuwa imepungua kuliko spika za kiwandani. Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Aling'oa kava la mlango, akaweka wimbo, wala hakuigusa spika. Alipeleka kiganja kwenye tundu kubwa la bati, pale ambapo karatasi ya plastiki ilikuwa imechanika.

"Weka mkono hapa, mwanangu."

Nikauweka. Kila gitaa lilipogonga, upepo ulinipiga kiganjani.

"Besi yako ndiyo hiyo. Inatokea mbele, inazunguka kupitia hapa, inakutana na ya nyuma, zinamalizana."

Mlango wa gari ndilo boksi la spika yake. Koni ikisukuma hewa upande wa abiria, nyuma yake inaivuta. Pande hizo mbili zikikutana, sauti nzito ndizo za kwanza kufa. Kutibu mlango maana yake ni kuzitenganisha: unaziba matundu makubwa ya bati la ndani, unabandika shuka la mpira wa butili lenye foili juu ya bati la nje ili lisitetemeke, na unafunga spika kwenye ringi imara isiyo na mwanya wowote kati yake na bati.

Besi. Kishindo kinarudi kwa kiwango kinachoshangaza watu. Gitaa linasikika noti moja baada ya nyingine, sio mvumo tu. Kina hakiongezeki sana. Chini ya hezi 60 mlango unaanza kuishiwa, na ukiulazimisha, kava litalia kwenye klipu. Faida yake kubwa zaidi iko pembeni: kebini inatulia, kelele ya barabara inapungua, na besi uliyokuwa nayo tangu mwanzo inaanza kusikika.

Spika mpya uichague kwa wepesi wa kuitikia. Kwenye karatasi yake tafuta namba ya desibeli kwa wati 1. Spika ya desibeli 92 inahitaji chini ya nusu ya nguvu inayotakiwa na ya desibeli 88 ili zitoe sauti sawa. Kwa redio ya wati 20 hiyo ndiyo namba inayoamua. Ile 400 iliyoandikwa kwenye boksi ni kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia tu, na spika iliyojengwa kuvumilia mengi kwa kawaida ina koni nzito na mpira mgumu. Ndiyo maana zangu zilizembea.

Nafasi. Haichukui kitu. Pima kina cha spika kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini, basi.

Umeme. Hauguswi. Mwenye hamu ya kuongeza anaweza kuweka amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) ndogo ya njia 4, yaani ya kulisha spika 4, nyuma ya dashibodi. Kwa mlango uliotibiwa itanoga, kwa mlango wenye tundu ni kupoteza fedha.

Gharama na kazi. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote ikiwa utatibu milango bila kununua spika. Kazi yake ni ya siku nzima na inataka subira: bati lisuguliwe mafuta na vumbi kwa spiriti, shuka likandamizwe kwa rola mpaka foili ikamate. Usikubali shuka la lami lile la kuzibia mapaa. Kwa jua la Dodoma, gari likishinda nje, linalainika, linanuka na kuteleza. Na matundu madogo chini kabisa ya mlango yasizibwe, hayo ni ya kutolea maji ya mvua, ukiyaziba mlango utaoza kwa kutu. Kuziondoa shuka hizi baadaye ni taabu, ila hakuna anayenunua gari akalalamikia mlango uliotulia.

Inamfaa nani. Msikilizaji wa dansi, rumba, taarabu, mahubiri na mpira redioni. Dereva wa safari ndefu. Mwenye gari la kazi lisiloruhusiwa kuongezewa kitu kinachoonekana.

## Njia ya pili: sabufa ya chini ya kiti

Hili ni sanduku bapa la aluminiamu lenye spika ya inchi 8 hivi na amplifaya yake ndani. Kenwood KSC-SW11 na JBL BassPro SL2 ni mifano ya aina hii, na unene wake ni kama sentimita 7. Nyingi zina viingilio vya kupokea nyaya za spika moja kwa moja, kwa hiyo redio ya kiwandani haibadilishwi.

Besi. Inajaza pengo la hezi 45 hadi 100 ambalo milango imelishindwa, nayo inapunguza mzigo wa milango ukishusha besi kwenye redio na kuiacha sabufa ifanye kazi hiyo. Kwa nguvu halisi ya wati 75 hadi 125, ndani ya kebini ndogo ya pikapu, inatosha kabisa kwa mtu anayetaka muziki ukamilike. Chini ya hezi 40 inanyamaza. Mpenda singeli au hip hop ya besi ndefu ataisikia kwa furaha wiki ya kwanza, halafu ataanza kutafuta kitu kinachokosekana.

Nafasi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Usipime kwa jicho. Chukua rula, kaa kitini, mtu mwingine apime chini yake kiti kikiwa mbele kabisa, halafu nyuma kabisa, kwa sababu springi zinashuka mtu akikaa. Tazama pia njia ya hewa ya abiria wa nyuma na nyaya za mkanda na eabegi zinazopita chini ya kiti. Hizo hazisukumwi kando kwa nguvu.

Na kuna suala la maji. Pikapu lenye sakafu ya mpira, hasa la kebini moja, huoshwa ndani kwa mpira wa maji pale kwenye vibanda vya kuoshea magari. Vijana hawatauliza kuna nini chini ya kiti. Nimeona sabufa nzuri iliyokufa hivyo ikiwa haijamaliza mwezi. Kama gari lako linaoshwa kwa namna hiyo, au linapita mito ya msimu, iinue juu ya vibao vya sentimita 2 na uwaambie waoshaji kila mara, la sivyo achana na njia hii.

Umeme. Unahitaji waya wake kutoka betri wenye fyuzi yake karibu na betri, wala usiibe kwenye soketi ya kuwashia sigara. Mahitaji ni madogo, kwa kawaida fyuzi ya ampea 10 hadi 20, na alteneta haitahisi.

Gharama na kazi. Ipo katikati. Fundi anayejua kazi yake anaimaliza kwa saa 3 au 4. Siku ya kuuza gari unaifungua na kuihamishia kwenye jingine, tundu hakuna. Mwambie akupitishie na rimoti yake ya waya hadi karibu na usukani, maana kila wimbo una besi yake na kupapasa chini ya kiti ukiwa unaendesha ni hatari.

Inamfaa nani. Mwenye dabo kebini la familia ambaye kiti cha nyuma kinakaliwa kila siku. Mwenye gari la kampuni aliyeruhusiwa kuongeza kitu kinachoondoka. Anayebadilisha magari kila baada ya miaka michache.

## Njia ya tatu: boksi nyuma ya kiti na amplifaya pembeni

Besi. Hapa kina kinapatikana. Sabufa nyembamba ya inchi 10 ndani ya boksi lililofungwa pande zote inashuka hadi hezi 35 kwa urahisi, kwa sababu kebini ndogo nayo inaongezea nguvu sauti za chini kabisa. Mdundo unauhisi mgongoni. Hatari yake ni kuzidisha. Sabufa kubwa juu ya milango isiyotibiwa inatoa mvumo wenye nguvu na bati linalolia, na gitaa lenyewe bado husikii linacheza nini.

Nafasi. Mgongo wa kiti cha nyuma umeinama, kwa hiyo pima mwanya wa juu na wa chini, kila mmoja peke yake. Sabufa nyembamba inahitaji kina cha sentimita 8 hivi. Ongeza mbao mbili za milimita 18 na hewa kidogo nyuma ya sumaku, unapata boksi la sentimita 13. Likiwa na urefu wa 60 na kimo cha 35, ndani linabeba takribani lita 16 na nusu, na hizo zinatosha sabufa nyingi nyembamba za inchi 10. Soma karatasi ya sabufa kabla fundi seremala hajakata mbao, asije akakisia. Kwenye Hilux nyingi jeki na spana vinakaa nyuma au chini ya kiti hicho. Vipatie makao mapya yanayofikika usiku wa mvua, tairi likiwa limepasuka.

Boksi lifungwe kwa bolti kwenye mwili wa gari. Boksi la kilo 15 lililowekwa tu pale, gari likigonga au likipinduka, linamfuata mtoto aliyekaa mbele yake.

Umeme. Amplifaya ya wati 500 halisi ya daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi) inakula takribani ampea 45 ikifika kilele. Inataka waya wa shaba wa milimita za mraba 21, fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka betri, na waya wa ardhi mfupi uliofungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Bolti ya mkanda wa usalama isiguswe. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande mwingine, la sivyo utasikia mlio unaopanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta. Ukinunua waya, kwangua ncha yake kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba na itapata moto.

Kuhusu namba za kwenye amplifaya, kuna hesabu moja inayofaa kwenda nayo Kariakoo. Jumlisha fyuzi zilizo kwenye amplifaya, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.8. Amplifaya iliyoandikwa wati 3000 yenye fyuzi mbili za ampea 25 haiwezi kutoa zaidi ya wati 550 hivi. Huenda ni amplifaya nzuri tu, ila ilipie kama ya 550.

Gharama na kazi. Ndiyo ghali kuliko zote: sabufa, amplifaya, boksi, nyaya na kigeuzi cha kupata ishara kutoka redio ya kiwandani. Kazi ni ya siku moja au mbili. Zipo redio za kiwandani zinazopunguza besi zenyewe kadri unavyoongeza sauti ili kulinda spika zake, na boksi lako litapungua nazo. Uliza kama kigeuzi kinaweza kurekebisha hilo. Kulirudisha gari lilivyokuwa kunawezekana, lakini matundu ya bolti yatabaki.

Inamfaa nani. Anayesikiliza muziki wa besi ndefu na kwa sauti kubwa, gari ni lake, kiti cha nyuma hakibebi watu kila siku, na anaye fundi anayemwamini na nyaya.

## Kwa hali yako

Bajeti ni ndogo na gari ni la zamani, karatasi ya plastiki ndani ya mlango imeshachanika: tibu milango miwili ya mbele, ubaki na spika za kiwandani. Koni zake za karatasi ni nyepesi na zinaitikia vizuri wati chache. Sikiliza mwezi mzima kabla ya kununua chochote kingine.

Kebini moja la kazi, linabeba saruji na kuoshwa kwa mpira wa maji: milango tu. Sabufa ya chini ya kiti haitadumu humo, na nyuma ya kiti mna nafasi ya jeki na mwavuli tu.

Dabo kebini la familia, watoto nyuma, safari ya kwenda Moshi kila mwisho wa mwaka: sabufa ya chini ya kiti, vipimo vikikubali. Vikikataa, rudi kwenye milango na uongeze amplifaya ndogo ya njia 4.

Unataka mdundo wa mgongoni na uko tayari kutumia: boksi la inchi 10, lakini tenga sehemu ya fedha hiyo kwa milango ya mbele. Fedha ikibana, punguza ukubwa wa amplifaya, kazi ya milango usiiache. Masikio yanahitaji nguvu mara 10 ili yahisi sauti imekuwa maradufu, kwa hiyo kati ya amplifaya ya wati 300 na ya 500 utasikia tofauti ndogo sana.

Gari si lako, au utaliuza mwaka huu: fanya jaribio la balansi, rekebisha nyaya zilizogeuzwa, shusha besi ya redio hatua mbili na upandishe sauti yenyewe kidogo. Inagharimu muda wako tu, na kuna magari ambayo kazi inaishia hapo.